Maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, Meya wa Dar es Salaam

Ndugu zetu wa Masasi na Newala washukapo Mtwara kwa shughuli zao huuona uwanja wa mpira uitwao Nangwanda Sijaona, nao hawana haja ya kuambiwa jina hilo ni la nani, kwa kuwa Lawi Nangwanda Sijaona alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa nchi ya Newala, akawa waziri katika miaka ya kwanza ya uhuru. Uko uwanja mwingine, ule wa Arusha, ambao jina lake husikika sana katika redio siku za mchezo, nao ni uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tuliwauliza vijana wa usharika mmoja mtu huyu alikuwa nani. Mmoja alisema alikuwa mchezaji hodari wa zamani. Mwingine alisema ni tajiri aliyetoa fedha za kuujenga uwanja. Wa tatu, mkweli kuliko wenzake, alisema hajui.

Hakuwa mchezaji wala tajiri, wala hakuzaliwa Arusha. Alikuwa mwalimu wa dini na mtunga mashairi, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Dini aliyoihubiri si yetu. Tena aliihubiri kwa bidii, na katika mambo mengine alihubiri kinyume cha yale tunayoyakiri sisi kila Jumapili. Basi twajua wako watakaouliza kwa nini karatasi ya sharika za Kilutheri imtaje mtu wa namna hiyo. Swali hilo ni la haki. Jawabu letu ni kuyasimulia maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuficha neno, na kila msomaji apime mwenyewe.

Jina lake kamili ni Kaluta Amri Abedi. Wengine huandika Abeid, na ndivyo ilivyoandikwa kule uwanjani. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Ujiji ni mji wa zamani kando ya Ziwa Tanganyika, na zamani ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wenyeji wake wengi asili yao ni ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Kongo. Kiswahili kilifika huko pamoja na pembe za ndovu na minyororo ya watumwa, lakini misafara ilipokoma chenyewe hakikurudi pwani. Kilikaa, kikawa lugha ya mama ya watoto. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 biashara ilihamia huko, Ujiji ikabaki na misikiti yake na miembe yake. Mtoto aliyezaliwa hapo miaka 10 baadaye alizaliwa mbali mno na bahari, lakini alizaliwa ndani ya Kiswahili. Jambo hili msomaji alishike, maana tutalirudia.

Akasoma, na baadaye akaingia Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokuwa shule kubwa ya nchi katika siku zile, ndimo alimosoma pia Julius Nyerere. Huko Tabora alikuwako mhubiri mmoja mgeni, Sheikh Mubarak Ahmad, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1934, ametumwa na chama cha Ahmadiyya. Chama hiki kilianza katika Bara Hindi mwaka 1889, mwanzilishi wake akiwa Mirza Ghulam Ahmad, nao wafuasi wake husema yeye ndiye Masihi aliyeahidiwa. Waislamu walio wengi hawalikubali neno hilo hata kidogo, na wengi huwahesabu Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Sisi nasi hatukubaliani nao, maana hufundisha kwamba Yesu hakufa msalabani, bali aliokoka, akasafiri mpaka Kashmir, akafa huko mzee. Basi kijana wa Ujiji, mwana wa Waislamu, alipoingia katika chama hiki alijitenga na walio wengi kwa pande zote. Wakristo walimwona mpinzani. Waislamu wenzake walimwona aliyepotea. Hakuwa mtu mzima bado alipochagua njia hiyo, naye hakuiacha mpaka kufa.

Huko ndiko alikojifunza kazi ya kalamu. Sheikh Mubarak alikuwa ameanzisha gazeti la kila mwezi, Mapenzi ya Mungu, mwaka 1936, na kazi yake kubwa ikawa kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Amri Abedi alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Wasomaji wetu wa Masasi hawatakosa kupendezwa na habari hii, kwamba Kurani ya kwanza ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Mkristo, Padre Godfrey Dale wa UMCA, yaani misioni ile ile iliyofika Masasi mwaka 1876. Padre Dale aliifanya kazi hiyo ili watu wa kanisa wajue jirani zao wanasoma nini, na Waislamu hawakuiamini tafsiri iliyotoka mkononi mwake. Tafsiri ya Waahmadiyya ilitoka Nairobi mwaka 1953. Mwaka uliotangulia, 1952, Biblia ya Kiswahili iliyopatanisha lugha ya Mombasa na ya Unguja ilikuwa imekwisha kutoka, wakati ambapo sharika zetu nyingi zilikuwa bado na ile ya Bwana Karl Roehl ya mwaka 1937. Hivyo katika muda wa miaka miwili tu watu wa nchi hii walipata vitabu viwili vikubwa kwa lugha yao, kila kimoja kimetafutiwa maneno kwa jasho. Aliyepata kufasiri hata sura moja anajua jasho hilo.

Tafsiri ya mwaka 1953 iliwachukiza mashekhe wengi wa pwani kwa maelezo yaliyotiwa ndani yake. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja aliipinga kwa nguvu, akaandika tafsiri yake, iliyokamilika mwaka 1969. Hatuna nia ya kuamua kati yao. Twasema tu kwamba Kiswahili kilifaidika kwa ugomvi huo.

Mwaka 1954 kikatoka kitabu kidogo ambacho kwa maoni yetu ndicho kazi yake kubwa kuliko zote, hata umeya haukizidi. Kinaitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza ni mafundisho, na ya pili ni mashairi yake mwenyewe. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kujua kutunga alijifunza kwa sikio, kwa kukaa karibu na wazee wenye ujuzi. Sheria zilikuwamo vichwani mwao. Amri Abedi alizitoa vichwani akaziweka katika karatasi, ili hata mwalimu wa shule ya kijijini huku Newala, asiyepata kuiona Lamu wala Mombasa, azisome na kuzifuata.

Na sheria zenyewe ni hizi, kwa ufupi. Shairi lililo la kawaida lina mistari minne katika kila ubeti. Kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8, yaani sauti nane zitamkwazo moja moja, hata mstari mzima ukawa na mizani 16. Vipande vya kwanza humalizika kwa sauti moja, ndiyo vina vya kati. Vipande vya pili humalizika kwa sauti nyingine, ndiyo vina vya mwisho. Mstari wa nne hubeba kituo, na mara nyingi hurudiwa mwisho wa kila ubeti. Juu ya hayo yote aliweka neno moja: shairi ni kitu cha kuimbwa, na lisiloweza kuimbwa si shairi.

Hapa wapiga kinanda na wasimamizi wa kwaya watuvumilie kidogo. Katika kitabu chetu cha nyimbo zimo nyimbo nyingi zilizofasiriwa kutoka Kijerumani na Kiswidi, na wafasiri walizihesabu sauti zake vizuri ili zilingane na tuni. Lakini Kiswahili hukaza sauti ya pili kutoka mwisho wa neno, na tuni za Ulaya hazilijui jambo hilo. Kwa hiyo mara nyingi twakaza mahali ambapo kinywa cha Mswahili hakikazi kamwe, na wageni wakitusikia hawaelewi tunaimba nini. Twadhani mfasiri wa nyimbo akikisoma kitabu cha sheikh huyu hatapata hasara yoyote, tena ataokoa masikio ya wengi.

Turudi kwenye lile tulilosema lishikwe. Aliyeziandika sheria za mashairi ya pwani alikuwa mtu wa bara, wa kando ya ziwa. Mtu wa Lamu angeweza kuuliza, naye ana haki, mtu wa Ujiji amepata wapi mamlaka hayo. Lakini kitabu kilikubaliwa, na watungaji wa pande zote wakakifanya kipimo chao. Kwa kitabu hicho ikaonekana kwamba Kiswahili kimekwisha kuwa mali ya nchi nzima, ya Mmakonde na Myao na Mmakua sawasawa na ya mtu wa Mombasa.

Mwaka huo huo wa 1954 akasafiri kwenda Rabwah, Pakistani, ambako chama chake kina chuo cha wahubiri, akakaa huko kama miaka miwili. Aliporudi nchi ilikuwa imebadilika. TANU ilikuwa imeanzishwa Julai 1954, na kila mahali watu walikuwa wakizungumza habari za kujitawala. Sheikh naye akaingia katika kazi hiyo.

Sasa yatupasa kueleza mji wa Dar es Salaam ulivyokuwa, maana asiyejua hayo hawezi kuona uzito wa jambo lililotokea. Mji ule ulipata baraza lenye meya mwaka 1949. Katika hesabu ya mwaka 1957 ulikuwa na watu zaidi ya 128,000, na zaidi ya watu saba katika kila kumi walikuwa Waafrika. Hata hivyo uligawanywa kama shamba lililopigwa mipaka. Uzunguni, upande wa Oyster Bay, palikuwa na viwanja vipana na nyumba za mawe. Uhindini palikuwa na maduka na maghorofa. Uswahilini, yaani Kariakoo na Ilala na baadaye Magomeni na Temeke, palikuwa na nyumba za udongo zilizosongamana. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka. Jina lenyewe la Kariakoo latoka katika kambi ya wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Wazee wetu wa kusini walijua vizuri upagazi ule ulikuwa nini.

Na katika hao watu wa Uswahilini wengi walikuwa wa kwetu. Vijana wa Newala na Masasi walikuwa wakishuka Lindi au Mtwara, wengine wakaishia katika mashamba ya mkonge, wengine wakapanda chombo mpaka Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini na majumbani. Walilipa kodi, walifagia barabara, walibeba magunia. Lakini katika miaka yote kumi tangu baraza kupata meya, mkufu wa meya ulivaliwa na Wazungu na Wahindi tu.

Meya ni nani? Si mkuu wa wilaya, wala si liwali wa siku zile. Hana askari wala mahakama. Huchaguliwa na madiwani wenzake, akaketi mbele ya baraza, akasimamia mazungumzo juu ya masoko, taka, mitaro, taa za barabarani, leseni za maduka na makaburi. Kazi hizi mtu huzidharau mpaka azikose. Sisi wa uwanda wa Makonde, ambao mama zetu walishuka mabondeni kabla ya alfajiri kuteka maji na kurudi jua limekwisha kupanda, hatuhitaji kufundishwa kwamba mji ni maji kwanza, maneno baadaye. Nani apewe bomba na nani aambiwe asubiri, mtaro upi uchimbwe mwaka huu na upi mwaka ujao, hayo huamuliwa barazani. Na mtaa usio na mtu wake barazani husubiri siku zote.

Mwaka 1960 madiwani walimchagua Sheikh Amri Abedi kuwa meya. Umri wake ulikuwa kama miaka 36. Ulikuwa mwaka wa mambo makubwa: katika uchaguzi wa nchi uliofanyika mwaka huo TANU ilipata viti 70 katika viti 71, na kila mtu aliona uhuru uko mlangoni. Lakini katika baraza la mji walikuwamo bado watu wa mataifa yote matatu, na meya alipaswa kuwaongoza wote. Wako waliodhani Mwafrika hataweza. Tena kulikuwa na shaka nyingine isiyosemwa hadharani, nayo twaiona nzito zaidi. Waislamu wa mji ule walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa Wasuni, watu wa madhehebu ya Shafii. Huyu alikuwa Mwahmadiyya, mtu wa kikundi kidogo ambacho mashekhe wao walikuwa wakikilaani msikitini. Wakristo nao waliyajua mahubiri yake. Kama watu wangetaka kumpima kwa dini yake, asingepata kura.

Hawakumpima hivyo. Wala yeye hakuuficha usheikh wake ili apate cheo. Aliitwa sheikh kabla ya kuwa meya, akaitwa sheikh alipokuwa meya. Huku Masasi na Newala, ambako mara nyingi katika nyumba moja ndugu mmoja husali Ijumaa na mwingine Jumapili, jambo hili laweza kuonekana jepesi. Si jepesi. Sisi Walutheri tulifika sehemu hizi nyuma ya wenzetu. Waanglikana walikuwako tangu 1876, na Wabenediktini wa Ndanda tangu 1906, na Uislamu ulikuwa umekwisha kuenea kwa Wayao. Twajua kuwa wachache maana yake nini. Twajua kishawishi cha kunyamaza ili tupendwe, na kishawishi cha pili, cha kupiga kelele ili tuonekane. Na wachache wakipata madaraka huja kishawishi cha tatu, cha kuwapendelea walio wao. Twadhani madiwani wa Dar es Salaam walimwona kuwa mtu aliyekwisha kuzoea kusimama peke yake, na mtu wa namna hiyo hununuliwa kwa shida.

Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, na siku hizo hizo Dar es Salaam ikapewa daraja la jiji. Mwaka uliofuata, 1962, sheikh akapelekwa kuwa Mkuu wa Mkoa upande wa Magharibi, nchi ya kwao. Mwaka 1963 akaitwa tena Dar es Salaam kuwa Waziri wa Sheria, akashika mahali pa Chifu Abdallah Fundikira aliyekuwa amejiuzulu.

Katika wizara hiyo kulikuwa na kazi iliyogusa kila kijiji cha nchi hii. Zamani mahakama zilikuwa za namna mbili: za Waafrika chini ya machifu na maliwali, na za Serikali zenye mahakimu na mawakili. Kwa sheria ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, zote zikaunganishwa katika ngazi moja, na Mahakama ya Mwanzo ikawa mlango wa watu wote. Mzee wa Newala mwenye shauri la shamba hakupelekwa tena kwa liwali, bali kwa hakimu. Lakini sheria zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtu anaweza kufungwa kwa neno asiloweza hata kulitamka. Sheikh, ambaye nusu ya maisha yake ilikuwa kutafuta maneno ya Kiswahili ya kutosha vitabu vikubwa, alihimiza sana kwamba sheria ipate istilahi za Kiswahili. Mtu yule aliyezihesabu mizani za mashairi sasa alitaka kuzihesabu za hukumu. Kazi hiyo aliianza tu. Waliomaliza sehemu yake ni wengine, na sehemu haijamalizwa mpaka leo.

Mwaka 1964 akahamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Ulikuwa mwaka mgumu: Januari palitokea mapinduzi Unguja na maasi ya askari Dar es Salaam, na Aprili nchi mbili zikaungana. Yeye afya yake ikawa si njema. Akapelekwa Ujerumani ya Magharibi kutibiwa, akafa huko Bonn mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, umri wake miaka 40.

Baada ya kufa kwake kitabu chake kiliingia vitani. Vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuandika mashairi yasiyo na vina wala mizani, wakisema mawazo hayawezi kufungwa kwa hesabu. Mmoja wao, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, akatoa diwani yake Kichomi mwaka 1974. Watungaji wa jadi wakakasirika, wakajibu magazetini na mikutanoni, na kila walipojibu walikishika kitabu cha mwaka 1954 kama shahidi wao mkuu, wakikifungua pale pasemapo kwamba lisiloimbika si shairi. Vijana nao wakakisoma ili wapate kukipinga. Mwenyewe alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 10.